Barua iliyokaa kwenye mtoto wa meza

Hotuba kwa wafanyakazi na wasimamizi wa hoteli za pwani, Paje, Unguja

Assalaamu alaykum. Mama zangu, baba zangu, vijana wa mapokezi na wa jikoni mliokuja na sare zenu kwa sababu zamu inaanza saa tisa, na wasimamizi mliokaa nyuma karibu na mlango, nakusalimuni nyote. Ahsanteni kwa kuniachia muda wenu, maana najua ni siku ngapi kwa mwezi mnazopata za kukaa kitako.

Nimeombwa nizungumze juu ya saa za kazi, na juu ya mtu anayeacha kazi kwa ajili ya saa hizo. Wengine mlitarajia nianze na vifungu vya sheria. Vifungu vitakuja. Nitaanza na barua.

Kabla sijawa msaidizi wa sheria nilikuwa msimamizi wa usafi wa vyumba katika hoteli moja ya pwani hii hii. Sitoitaja, na wanaoijua nawaomba wasiitaje. Mwanzoni mwa Disemba mmoja wa wafanyakazi wangu alinipa barua. Ilikuwa karatasi ya daftari la skuli, imechanwa upande mmoja, imekunjwa mara nne. Kaandika kwa wino wa buluu, na anuani kaiweka mahala pake kama tulivyofundishwa. Chini yake: "Yahusu: Ombi la kubadilishiwa zamu."

Alikuwa na mtoto wa miezi saba. Mtoto yule akilelewa na bibi yake, na yule bibi wiki mbili kabla alikuwa amepooza upande mmoja. Zamu ya jioni, ile ya kushusha vyandarua na kubadilisha mataulo, ilikuwa ikimalizika saa nne usiku. Gari ya wafanyakazi iliondoka saa nne na nusu, ikamshusha barabara kuu, na kutoka hapo akaingia ndani kwa miguu. Aliomba zamu ya asubuhi kwa miezi sita. Hata mtu wa kubadilishana naye alishamtafuta, msichana mwengine wa idara yetu aliyependa jioni kwa sababu ya bakhshishi. Yote hayo yalikuwa ndani ya barua, mistari kumi na mbili.

Nikamwambia, "Iache hapo, nitaiangalia." Nikaitia kwenye mtoto wa meza, juu yake nikaweka kitabu cha funguo.

Sikuwa na chuki naye. Nilimpenda, alikuwa mtu wa kazi. Lakini Disemba hoteli imejaa, wageni wanaingia wengine hawajatoka, na barua ile ilikuwa inanitaka nikae nifikiri. Baada ya wiki mbili akaniuliza. Nikamwambia, "Nitakwambia." Baada ya siku nyengine kumi akaniuliza tena, safari hii kwa kunong'ona, tukiwa stoo ya mashuka. Nikamwambia ngoja mwaka upinduke.

Mwezi mpya ulipoingia nilichukua rosta ya mwezi uliopita, nikabadilisha tarehe, nikaibandika ukutani karibu na saa. Jina lake lilikuwa jioni, jioni, jioni, jioni. Kwangu mimi ile ilikuwa ratiba. Yeye alisimama mbele yake akaisoma kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani, kisha akenda kuvaa aproni. Alikuwa amepata jibu lake.

Wiki hiyo usiku mmoja akaondoka saa mbili bila ya ruhusa. Mtoto ana homa, kapigiwa simu. Asubuhi yake nikamwandikia onyo, na onyo lile, mnisamehe kwa kulisema, niliandika kwa nusu saa tu, limechapwa, lina nembo ya hoteli. Siku ya pili mkubwa wangu akamwambia mbele ya watu waliopanga foleni ya chakula, "Kama kazi imekushinda, wapo wanaoitaka." Hakumjibu. Siku tatu baadaye akaleta barua ya pili, mstari mmoja: naacha kazi kuanzia leo. Barua hii haikuingia kwenye mtoto wa meza. Ilipigwa muhuri kabla ya adhuhuri: imepokelewa, imekubaliwa.

Ombi la kubaki kazini lilikaa wiki sita bila ya jibu. Ombi la kuondoka lilijibiwa kwa saa mbili.

Nataka mnisaidie kulijibu suala moja, na ndilo lililonileta hapa. Mama yule aliacha kazi, au nilimfukuza?

Kwenye faili lake imeandikwa ameacha kwa hiari. Na kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilisema hivyo hivyo. Nilipokwenda kusomea usaidizi wa sheria, mwalimu akafika kwenye somo la mtu anayeacha kazi kwa kulazimika, akaeleza kwamba sheria haisomi barua ya mwisho peke yake. Inauliza nini kilimfikisha mtu kwenye barua ile. Mwajiri akivunja mkataba kwa uzito, au akiyafanya maisha ya kazini kuwa hayavumiliki, mfanyakazi akaondoka kwa sababu hiyo, basi mbele ya sheria anayehesabiwa kuvunja ajira ni mwajiri, hata kama mkono ulioandika barua ni wa mfanyakazi. Nilitoka nje ya darasa nikakaa barazani.

Sasa tuingie kwenye sheria, na kwanza tujue tuko wapi. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Bara ya mwaka 2004, ambayo wengi wenu ndiyo mnayoikuta mkitafuta kwenye simu, haitumiki hapa. Sisi tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huo huo. Mgogoro wa Paje hauendi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Bara. Unakwenda kwenye kitengo chetu cha kushughulikia migogoro ya kazi, na mbele ya hapo iko Mahkama ya Kazi ya Zanzibar. Nayasema haya kwa sababu nimeshakutana na kijana aliyepanda boti na nauli ya kukopa, akenda kufungua malalamiko Dar es Salaam, akarudishwa. Nauli imekwenda, na siku zake zimekwenda.

Hata hivyo naomba niichukue ya Bara kwa ajili ya kufahamisha, kwa kuwa imelisema jambo hili kwa uwazi. Kifungu cha 36 kinasema kwamba kusitishwa kwa ajira ni pamoja na mfanyakazi kuondoka kwa sababu mwajiri amefanya kuendelea na kazi kusivumilike. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zikaongeza maelezo: mfano wa kwanza ni udhalilishaji wa kijinsia, au mwajiri kushindwa kumlinda mtu nao. Mfano wa pili ni mfanyakazi kutendewa isivyo haki. Lakini kwenye huu wa pili wameweka sharti, na ningependa kila mfanyakazi aliye hapa alisikie: awe ametumia njia za malalamiko zilizopo kazini, ila akiwa na sababu nzuri ya kutozitumia. Kwa maneno mengine, kabla hujaondoka, ulisema? Ulimwambia nani? Karatasi iko wapi?

Kenya nao, Mahkama yao ya Rufani mwaka 2015 ililipanga vizuri somo hili. Mfanyakazi aoneshe kwamba mwajiri alivunja jambo la msingi katika mkataba, kwamba yeye aliondoka kwa sababu ya hilo, na kwamba hakukaa kimya muda mrefu mpaka ikaonekana amelikubali.

Chimbuko la mawazo haya liko Uingereza, na kuna kesi moja huko ambayo hutajwa kila mara. Bwana mmoja alikwenda kucheza karata saa za kazi bila ya ruhusa. Akasimamishwa siku tano bila ya mshahara. Akaishiwa, akaomba apewe fedha za likizo yake mapema, akakataliwa. Akaomba mkopo, akakataliwa. Akaacha kazi ili apate zile fedha za likizo, kisha akashitaki kwamba amefukuzwa. Kwenye baraza la kazi alishinda, lakini Mahkama ya Rufani chini ya Lord Denning, uamuzi unaojulikana kwa mwaka wa 1978, ikamnyima. Mwajiri alikuwa mgumu, ndiyo. Mkataba hakuuvunja. Kwa hiyo wafanyakazi wenzangu, ugumu wa bosi peke yake hautoshi. Uso wa kukunja hautoshi. Kukataliwa ombi moja, kwa sababu ya kweli na kwa maneno ya heshima, hakutoshi pia.

Baadaye Waingereza wakaongeza kitu ambacho sisi waswahili tunakijua bila ya kufundishwa: baina ya mwajiri na mwajiriwa iko amana ya kuaminiana. Mahkama yao ya juu ilithibitisha mwaka 1997 kwamba mwajiri asifanye, bila ya sababu ya maana, jambo la kuivunja imani ile au kuitia ufa mkubwa. Na mambo madogo madogo yanaweza kuhesabiwa pamoja. Barua isiyojibiwa, rosta iliyonakiliwa, onyo, maneno ya kwenye foleni ya chakula. Kila moja peke yake mtu anaweza kulimeza. Yakikusanyika, maji yanazidi unga.

Sasa saa za kazi. Uingereza tangu mwaka 2003 imo kwenye sheria kwamba mzazi wa mtoto mdogo anaweza kuomba abadilishiwe saa au siku za kazi, na mwajiri ana wajibu wa kulifikiria ombi lile kwa utaratibu. Mwaka 2014 haki hiyo ikapewa wafanyakazi wote waliotimiza wiki 26 kazini. Tangu Aprili 2024 mtu anaweza kuomba tokea siku ya kwanza ya ajira, mara mbili kwa mwaka, na mwajiri amalize kulijibu ndani ya miezi miwili. Hawezi kulikataa mpaka kwanza akae na mwombaji wazungumze. Na sababu za kukataa zimehesabiwa, ziko nane: gharama za ziada, kushindwa kuwahudumia wateja, kutowezekana kuwagawia kazi waliopo, kutopatikana mtu wa kuajiri, ubora kushuka, utendaji kushuka, kazi kuwa haba kwenye saa anazozitaka mwombaji, na mabadiliko ya muundo yaliyokwisha kupangwa. Basi. Haimo "akipewa huyu watataka wote." Haimo "ndivyo tulivyozoea."

Sheria yetu ya Ajira haikuweka utaratibu kama huo wa ombi na miezi ya kujibu. Mimi naamini ungefaa kuwekwa, na vyama vya wafanyakazi havina haja ya kungoja Baraza la Wawakilishi: jambo hili linaingia vizuri ndani ya mkataba wa hali bora baina ya chama na hoteli. Wenzangu wa CHODAWU-Z, chama cha wafanyakazi wa hoteli, mkikaa mezani kuzungumzia mishahara na posho, ongezeni kifungu kimoja. Ombi la zamu lijibiwe kwa maandishi, ndani ya siku kadhaa, na sababu itajwe.

Naomba nikusimulieni kesi moja zaidi ya Uingereza, kwa kuwa kila nikiisoma namuona yule bibi aliyepooza. Karibu miaka ishirini iliyopita, mwanamke mmoja akifanya kazi kwenye ghala. Mjukuu wake akawa mikononi mwake kisheria, yeye ndiye mlezi. Akaomba afanye kazi siku tatu kwa wiki. Mwajiri akakataa, akasema utendaji wa ghala utashuka, na kwamba wanataka watu wote wawe na siku sawa za kazi ili kujenga moyo wa pamoja. Akakata rufaa ndani ya kampuni, akakataliwa. Akaacha kazi, akenda kwenye baraza la kazi.

Kule hawakuishia kuuliza kama mwajiri ametaja sababu iliyomo kwenye orodha. Waliuliza: umeichunguza? Ulijaribu kupanga upya kazi? Uliwauliza wenzake? Ulikaa ukapiga hesabu ya siku zile mbili atakazokuwa hayupo? Ikaonekana hakuna lililofanywa. Sababu ilitajwa kwa kuwa ilikuwepo ya kutajwa, ushahidi wake haukuwepo. Bibi yule akashinda, na kuacha kwake kukahesabiwa kuwa ni kufukuzwa isivyo haki. Mwajiri akakata rufaa, akashindwa tena.

Na mwaka 2021, London, mwanamke mmoja muuzaji nyumba aliomba kufanya kazi siku nne na kutoka saa kumi na moja badala ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu nursery ya mwanawe inafungwa. Kampuni ikakataa, haikutaka hata kuzungumza njia ya kati. Baraza likaona huo ni ubaguzi dhidi ya wanawake, kwa sababu saa zile zinawabana zaidi wao. Fidia ilikaribia pauni 185,000. Kwa saa moja ya jioni.

Najua kuna anayesema moyoni: hiyo ni Ulaya, hapa ni Paje, hoteli ni ya wageni, wageni hawangoji. Bwana, nimefanya kazi hiyo, nafahamu. Chumba nambari fulani kinataka mataulo saa mbili usiku na si saa mbili asubuhi. Lakini hebu tuangalie hapa hapa petu.

Masika ikiingia, Aprili na Mei, hoteli ngapi hapa zinafunga? Mfanyakazi anaambiwa akae nyumbani, ataitwa. Anakaa. Analima, anakwenda mwani, anasuka ukili, anaomba kwa ndugu, na Juni akiitwa anarudi na sare imepigwa pasi. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, ofisi zinatoa watu mapema, jikoni la wafanyakazi linabadilisha saa, zamu zinapangwa upya ili mtu awahi kufuturu, na hoteli haianguki. Mgeni mkubwa akija na ndege ya usiku wa manane, msichana wa mapokezi anapigiwa simu saa sita arudi. Anarudi.

Kwa hiyo kubadilisha saa tunakuweza. Tunakufanya mwaka mzima. Linalotushinda ni pale anayeomba anapokuwa mfanyakazi. Mwajiri akiomba inaitwa hali ya biashara, mama wa mtoto mchanga akiomba inaitwa kazi imemshinda. Hilo si haki, na nalisema nikiwa nililitenda.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Namba 156 wa mwaka 1981 unasema majukumu ya familia, kwa yenyewe, yasiwe sababu ya kumuachisha mtu kazi. Maneno machache hayo. Na wala msidhani yanawahusu wanawake peke yao. Mwaka jana amekuja ofisini kwangu mpishi, mwanamme mzima, baba yake anasafishwa figo mara tatu kwa wiki, anatafuta namna ya kumpeleka Mjini na kurudi. Alikuwa na haya ya kuomba, akiona maombi ya namna ile ni ya kina mama.

Wasimamizi mlioko nyuma, nakuombeni radhi kwa kuwa nitasema na nyinyi kwa muda. Wengi wenu hamna mamlaka ya kusema ndiyo, mkubwa yuko juu. Lakini mna mamlaka ya kupokea barua, kuandika tarehe juu yake, kutia saini, na kumpa mwenyewe nakala. Hilo halihitaji idhini ya mtu. Mkitaka muda, semeni muda: "nitakujibu tarehe kumi na tano." Ikifika tarehe kumi na tano na hamjapata jibu, mwiteni mumwambie hamjapata. Kimya kinasomwa. Mfanyakazi anayengoja hukisoma usiku kucha, na atakachokisoma humo hakitakuwa na kheri yenu.

Mkiona mnakataa, kataeni kwa sababu mliyoipima. "Haiwezekani" si sababu. "Tuna watu wanne wa jioni na vyumba ishirini na sita, nikikutoa wewe watabaki watatu, nimewauliza wawili wakasema hawawezi kubadilishana, lakini naweza kukupa asubuhi siku tatu kwa wiki mpaka Machi": hiyo ni sababu, na ndani yake tayari kuna njia. Mtu anaweza kuikasirikia sababu ya namna hiyo, lakini hataweza kusema hakusikilizwa. Na kuweni na tahadhari na karatasi inayofuata. Onyo linaloandikwa wiki moja baada ya ombi, hata kama ni la haki, litasomwa kama kisasi. Kama kosa linahusiana na lile lile aliloliombea, jibuni kwanza ombi.

Lile neno la "wapo wanaoitaka", liacheni kabisa. Nimelisikia hoteli tatu tafauti, limeshakuwa kama salamu. Siku likitolewa ushahidi mbele ya mwamuzi, hakuna wakili atakayeweza kulilainisha.

Na nyinyi wafanyakazi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: si kila msimamizi aliyekaa kimya ana nia mbaya, mimi sikuwa nayo. Msimrahisishie kusahau. Andika. Usiombe kwenye korido wala kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp peke yake, maana ule unapotea na simu. Karatasi ya daftari inatosha. Taja unachokitaka, kuanzia lini, kwa muda gani, na nani ataziba nafasi yako kama unamjua. Piga picha kabla hujaitoa. Ukikaa bila ya jibu, andika ya pili, uitaje ya kwanza kwa tarehe. Isipojibiwa hiyo, peleka lalamiko kwa aliye juu yake au kwa mwakilishi wa chama.

Yule mama wangu hakufanya hilo. Barua moja, maulizo mawili ya mdomo, kisha akaondoka. Angekwenda kwenye kitengo cha migogoro, mwajiri angesimama na kusema: hakulalamika, hatukujua, aliondoka mwenyewe. Na mimi ndiye ningeitwa kulithibitisha hilo, na barua ya kwanza iko kwenye mtoto wa meza wangu. Mnaona namna haki ya mtu inavyoweza kufungiwa na funguo za mwengine?

Msiandike barua ya kuacha kazi mkiwa na hasira. Ikiwa hapavumiliki kweli, mmeshasema na mmeshaandika na hakuna kilichobadilika, basi barua ya kuondoka iseme kwa nini. "Naacha kazi kuanzia leo" ni mstari unaomfaa mwajiri. Taja tarehe ya ombi, taja kwamba halikujibiwa, taja onyo, taja maneno uliyoambiwa na mbele ya nani. Kisha usikae. Bara, lalamiko la kuachishwa kazi lina siku 30 tu. Hapa kwetu pia muda unahesabiwa, kwa hiyo njooni kwa wasaidizi wa sheria au nendeni kwa chama wiki ile ile, msingoje mpaka fedha za mwisho ziishe. Na ukiweza, njoo kabla hujaiandika hiyo barua, kwa kuwa kumsaidia aliyeko kazini ni kwepesi kuliko kumrudisha aliyetoka.

Mwaka juzi nilimfuata yule mama kwao. Nilimkuta uani anapeta mchele, na yule mtoto wa miezi saba keshakuwa wa skuli, amevaa sare. Nilimweleza yote haya niliyokwambieni leo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja: "Ungenijibu, ungeniambia nini?"

Sikuwa nalo siku ile. Nimeliandika baadaye, na nimempelekea. Leo nakusomeeni:

"Ndugu yangu, nimepokea barua yako ya tarehe tatu Disemba. Pole kwa maradhi ya mama. Zamu zote za asubuhi siwezi kukupa mpaka tarehe kumi Januari, kwa sababu hoteli imejaa na nina watu wanne tu wa jioni. Mwenzako uliyemtaja nimemuuliza, amekubali kubadilishana nawe Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kuanzia wiki ijayo. Siku zilizobaki nimesema na dereva akuingize mpaka mlangoni kwenu. Tarehe kumi na moja tutakaa tena mimi na wewe tuangalie miezi iliyobaki. Ukiona halikufai, niandikie, na nakala mpelekee meneja."

Nimeleta nakala thelathini za barua ya namna hiyo, na za barua ya kuombea, ziko pale mezani karibu na birika la chai. Walio na zamu ya saa tisa waanze wao kuchukua.